Salfa ya Mkorosho na Salfa ya Kidonge

Mnaponiuliza, wanangu, ni kitu gani kilinitisha zaidi katika miaka yangu ya uuguzi, najua mnasubiri niwatajie kipindupindu, au yule mama aliyejifungulia kando ya baiskeli njiani kutoka Chiola. Hayo niliyaona na yalinitetemesha. Lakini kinachonitisha mpaka leo ni neno. Neno moja la Kilatini, lugha ambayo siku hizi hakuna mama anayembembelezea mtoto, lilisafiri kutoka huko lilikotoka mpaka likafika Ruponda, likambabua mwanamke ngozi. Mkitaka kucheka chekeni sasa, maana mbele huko hamtacheka.

Neno lenyewe ni sulfur. Sisi tunasema salfa.

Hakuna mtoto wa Nachingwea wala Ruangwa asiyeijua salfa. Miaka ya tisini, ubwiriunga ulipokuwa unaipaka mikorosho weupe kama imemwagiwa unga wa sembe, dawa ilikuwa hiyo. Unga wa njano, umejazwa kwenye mifuko, unatiwa kwenye mashine ya mgongoni na kupulizwa alfajiri wakati umande ungali kwenye majani. Asubuhi unakutana na wanaume njiani wana nyusi za njano na macho mekundu, wananuka kama wamelala ndani ya pipa la viberiti. Kwa hiyo ukitamka salfa huku kwetu, mtu anaona shamba. Ni sisi wavaa makoti meupe tu tuliokuwa tunaona kidonge, na hatukujua kwamba tuko peke yetu. Hebu fikirieni! Tunaishi kijiji kimoja, tunachota maji kisima kimoja, na kila mmoja ana salfa yake kichwani.

Nilianza kazi kwenye zahanati huko upande wa Ruponda, chini ya mganga aliyeitwa Lipei. Huyu alikuwa Mmwera mrefu, mkali, aliyewahi kusoma seminari kabla ya kuacha njia ya upadri na kuoa. Kilatini kilimbakia mdomoni. Akikuona umeandika "stat" kwenye kadi ya mgonjwa halafu unatembea polepole kwenda kuchukua sindano, alikuwa anakuita kwa sauti ya mahubiri: "Sista Mwanahawa! Stat ni statim, ni sasa hivi, si baada ya chai!" Nilikasirika sana siku za mwanzo. Mimi ni Mwislamu wa Chiola, Kilatini kinanihusu nini? Baadaye nikaona raha, maana nilianza kuelewa kwa nini dawa zina majina ya ajabu. Mkipata mtu wa namna hiyo kazini kwenu, mvumilieni kelele zake.

Basi akaja Filomena. Alikuwa mkulima wa korosho, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma zamani kutoka Msumbiji, na mumewe Agostino alikuwa wa asili hiyo hiyo. Mwanamke mcheshi, mwenye mikono migumu, Kiswahili chake alikichuma sokoni. Alikuja na kikohozi, Lipei akamwandikia septrini, kidonge tulichokiita salfa, mimi nikampa. Baada ya siku chache akarudi amevimba midomo, mwili umejaa mabaka mekundu, anajikuna mpaka damu. Lipei alimsimamishia dawa palepale, akamtibu, na kwa bahati nzuri uvimbe ukaisha. Siku ya kumruhusu akamkalisha kwenye benchi na kumweleza kama anamfundisha katekisimu.

"Filomena, mwili wako haupatani na salfa. Umesikia? Popote utakapokwenda, ukiulizwa, useme salfa hapana. Salfa itakuua. Sema na mimi."

"Salufa hapana," akasema Filomena, macho yamemtoka. "Salufa itaniua."

"Safi kabisa."

Kadi yake tuliiandika kwa wino mwekundu, na kila mtu akarudi kwenye kazi zake. Alichofanya Lipei ndicho vitabu vinachotaka. Ningeulizwa siku ile, ningesema mgonjwa ameelimishwa vizuri.

Yaliyofuata sikuyaona, nilihamishiwa hospitali ya Nachingwea mjini. Nimeyajua baadaye kwa mdomo wa Agostino mwenyewe, naye aliyasimulia huku anapiga magoti yake kwa viganja. Filomena alifika nyumbani akakuta mifuko ya salfa imepangwa chumbani, pembeni ya kitanda, maana Agostino aliogopa wezi. Alipiga ukunga! Akatoka nje na hakuingia tena chumba kile mpaka mifuko ilipohamishiwa banda la mbuzi. Msimu wa kupuliza ulipowadia akafunga nguo zake kwenye kanga akaenda kwa dada yake huko Mbwemkuru, akakaa huko mpaka majirani wote walipomaliza. Mwaka uliofuata vilevile. Na mwingine.

Alipokuwa mjamzito ndiyo kabisa. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu, nesi akamtajia jina kwa ufahari, "Hizi ni ferasi salfeti, mama." Filomena alisikia salfa ndani ya jina akavitema mle mle chumbani. Nesi akamwona mkorofi. Mtoto alizaliwa salama, tumshukuru Mungu, lakini mama alikuwa mweupe viganja.

Sasa mjiweke mahali pa Agostino. Mikorosho haipulizwi na mtu mmoja. Mmoja anabeba mashine, mwingine anachota unga, anasoma upepo, anaelekeza. Mke hayupo. Kila msimu hayupo. Watu wa kijiji wana midomo, wakaanza kusema Mbwemkuru kuna mwanamume. Shamba likawa nusu limepulizwa na nusu limeachwa, korosho zikawa haba, na ndani ya nyumba wakaacha kusemezana. Agostino alikuwa ameshatuma mtu kwa wakwe zake kuwaambia waje wamchukue binti yao.

Aliyeinusuru ndoa ile ni bwana shamba, jina lake Mchopa, kijana mchangamfu aliyependwa na wakulima. Aliitisha mkutano wa kijiji kuwafundisha namna ya kupuliza bila kuharibu macho. Filomena alikuwa amerudi kuhani msiba wa jirani, akasimama nyuma kabisa, akainua mkono.

"Bwana shamba, mie nauliza. Zahanati waliniambia salufa itaniua. Nyie mnasemaje?"

Watu wakaangua kicheko. Mchopa hakucheka, alikuwa na adabu. Akachota salfa kwa kiganja, akajipaka kwenye mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, akawa wa njano kama papai bivu.

"Mama, funga pua na mdomo kwa kitambaa, kinga macho, oga ukimaliza. Ukifanya hayo, salfa haina neno. Aliyekwambia itakuua alikuwa anaongea habari za shamba na yeye si mtu wa shamba."

Filomena akasogea mbele. Akanyoosha mkono wake, Mchopa akampaka kidogo. Wote wakasubiri. Mkono haukuvimba, haukuwasha, haukufanya lolote. Agostino aliniambia mkewe alilia mbele ya mkutano mzima, akarudi nyumbani anaimba. Msimu ule walipuliza shamba lote wawili, yeye akisoma upepo. Miaka miwili mitatu hivi baadaye walikuwa na nyumba ya bati.

Hapa ndipo mwili unaponisisimka kila nikisimulia. Mchopa alisema kweli! Unga ule haukuwa na shida na mwili wa Filomena. Na Lipei alisema kweli! Dawa ile ilikuwa na uwezo wa kumwua. Watu wawili wamesema kweli, kwa neno lilelile, kwa mwanamke yuleyule, na kweli ya pili ikaifuta ya kwanza. Mimi hilo sikuwahi kufikiria kwamba linawezekana duniani.

Ikaja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Klorokwini, ile chungu iliyokuwa inawawasha watu usiku kucha, ikaondolewa, maana malaria ilikuwa imeizoea. Ikaletwa SP, vidonge vitatu kwa mkupuo, umemaliza. Watu waliifurahia sana. Ndani ya SP kuna dawa ya jamii ya salfa, ndugu yake septrini, na sisi tuliambiwa tumwulize kila mgonjwa kabla ya kumpa.

Filomena alikuwa Mbwemkuru kumwuguza dada yake, homa ikampata huko. Akaenda zahanati ya pale. Nesi wa pale, binti mpole ambaye baadaye nilikutana naye akalia kwenye bega langu, alimwuliza sawasawa kama alivyofundishwa.

"Mama, dawa za salfa zinakukataa?"

"Aa, mwanangu. Zamani ndiyo waliniogofya. Salufa haina neno, nimeshaizoea."

Kadi yenye wino mwekundu ilikuwa Ruponda. Binti akampa vidonge vitatu na kikombe cha maji, Filomena akameza, akashukuru, akaenda zake.

Siku kadhaa baadaye, mimi nilikuwa wodi ya wanawake pale Nachingwea walipomleta. Nimeshaona watu walioungua moto, na nilidhani huyu ameungua moto. Nikauliza, "Ni maji ya moto au jiko?" Agostino akanijibu, "Sista, hajaungua. Ni homa tu na dawa." Nikaifunua kanga. Mama yangu mzazi! Ngozi ya kifuani ilikuwa imeinuka malengelenge, na ya mgongoni ilibaki kwenye kanga. Midomo imepasuka na kuganda damu, hawezi kumeza hata mate. Macho yamejifunga usaha. Sikumtambua. Niliposoma jina kwenye kadi mpya nikaangalia tena ule uso, nikatafuta yule mwanamke mcheshi wa kwenye benchi la Lipei, sikumpata. Nililia pale pale, na kilio changu kikawashtua wagonjwa wengine.

Mtanisikiliza hapa kwa makini, kwa sababu ni kazi yenu. Mgonjwa wa namna hii humlazi kwenye shuka kavu, inanata na kumchuna zaidi. Tulikata majani mapana ya migomba, tukayaosha vizuri, tukamlaza juu yake, tukayabadilisha kila mara. Macho tulimwosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukampaka mafuta ya macho, na kutenganisha kope zisiungane. Mdomo vilevile. Chakula tulimpa kwa mpira wa puani. Daktari wa zamu alimwangalia akanivuta pembeni na kusema tuombe Mungu. Nilimwambia tuombe huku tunaosha.

Lipei alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Nilimpelekea habari, akaja siku ya soko, akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Agostino akamsimulia yote, ya mifuko chumbani, ya Mbwemkuru, ya mkutano wa bwana shamba. Nilimwona mzee anabadilika rangi. Alitafuta stuli akakaa.

"Sulfur," akasema, kama anaongea na mtu mwingine. "Warumi waliita hivyo jiwe la njano linalowaka. Basi. Jiwe tu."

Halafu akatueleza, mimi na Agostino, na nakumbuka kwa sababu nilikuwa naosha bakuli na nikasahau kuosha. Warumi wenyewe walipokufa, neno lile liliachwa kwa warithi. Waingereza wakalichukua karibu zima. Wafaransa wakalifupisha. Wareno wakalitafuna mpaka likawa halitambuliki, na hapo Agostino akaruka, "Inshofri! Marehemu baba alikuwa anaita inshofri, walikuwa wanafukizia mapipa!" Ndilo hilo hilo, Lipei akasema. Waarabu wao walikuwa na lao, ndilo tuliloazima sisi tukapata kiberiti, na wazee wa zamani waliuita unga ule kiberiti. Laiti tungebaki nalo! Lakini mashamba yakaletewa neno la Kiingereza, tukalitia irabu mwishoni, ikawa salfa.

"Na vidonge?" nikauliza. "Vina unga wa njano?"

"Havina. Wataalamu wa dawa waliunda kitu kipya kabisa, ndani yake mkawa na chembe ya salfa imefungwa pamoja na vitu vingine. Jina wakaliokota humohumo kwenye Kilatini. Mwili wa Filomena haugombani na chembe ile, unagombana na kitu kizima kilichoundwa. Chumvi ya mezani ina klorini ndani yake, na hakuna anayesema anakula dawa ya kusafishia maji. Hata ferasi salfeti angekunywa, isingemfanya kitu."

Aliigeuza kofia mikononi. Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kumsikia mganga mkali kama yeye akikisema mbele ya mume wa mgonjwa. Alisema, "Nilimfundisha kulitamka. Sikumwuliza nyumbani kwake hilo neno ni jina la nini."

Mchopa naye alikuja, habari zilimfikia shambani. Kijana wa watu hakuweza kuingia wodini, alibaki mlangoni anafuta uso kwa kofia. Agostino ndiye aliyemfuata na kumshika mkono. Mimi nilitegemea ngumi.

Filomena alikuwa anatusikia siku zote hizo. Kuongea ndiko alikokuwa hawezi. Midomo ilipoanza kupona, sote watatu tukiwa pale, mganga, bwana shamba na mimi, akafungua mdomo taratibu, na neno lake la kwanza halikuwa la kuomba maji.

"Nyie mliosoma," akasema. "Majina yaliwaishia?"

Semeni, wanangu. Mngemjibu nini?

Alipona, wanangu. Ngozi iliota upya, na madoadoa yake, kucha zikaota upya. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu mweupe, na halioni. La kulia lilipona. Alirudi Ruponda na mwaka uliofuata alikuwa shambani anaelekeza mashine kwa jicho moja.

Tangu siku ile mimi sikuuliza tena mgonjwa swali la salfa kwa jina tu, wala msiulize. Uliza, je, umewahi kumeza dawa ukavimba midomo? Ukatoka malengelenge? Kinywa kikachubuka? Ilikuwa dawa ya ugonjwa gani, ilikuwaje rangi yake, ulipewa wapi? Weka kidonge kwenye kiganja chako mwonyeshe. Na akikutajia jina la dawa, mwulize kwao jina hilo ni la kitu gani. Mara moja mzee mmoja Mmakua alinijibu kwamba yeye "aleji" yake ni mkwewe. Tulicheka, lakini nilijua kwamba neno aleji hana, nikaanza upya. Inachukua muda, foleni inanung'unika, watu wa dirisha la dawa wanakusonya. Waache wasonye.

Nilimalizia kazi kwenye zahanati upande wa Ruangwa. Miaka hiyo simu zilikuwa zimeshaingia, na tulikuwa na nesi kijana, Rehema, hodari sana na mwenye haraka sana, Kiswahili chake chote cha redioni. Asubuhi moja nilikuwa stoo napanga dawa, nikasikia kikohozi cha mtu mzima, na Rehema anauliza kwa ile sauti ya kumaliza foleni.

"Bibi, nataka kukupa septrini. Una aleji na salfa?"

Akakohoa tena. Halafu sauti ambayo ningeitambua popote.

"Salufa ipi?"

Vidonge vilinidondoka. Rehema akacheka, "Jamani bibi! Kwani zipo ngapi?"

Nilitoka stoo nakimbia na viatu vyangu vya kazi. Filomena alikuwa ameketi mbele ya meza, ametulia, mkongojo kwenye mapaja. Alikuwa ameshavua mtandio, amemsogezea binti uso karibu kabisa, ili binti alione vizuri lile jicho.

"Zipo mbili, mwanangu," akamwambia. "Moja ilinijengea nyumba. Nyingine ilinitoa hili jicho. Wewe una ipi?"